Tanga la Jahazi Ukutani: Tathmini ya Duka la Picha Mjini Bagamoyo

Duka ninalolitathmini lipo katika nyumba ya mawe ndani ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1897, na kwa mtu anayetafuta picha za wachoraji wa leo bila kulazimika kwenda Dar es Salaam, ni duka linalostahili safari. Ninatanguliza neno hilo kwa sababu sehemu kubwa ya maandishi haya itakuwa ya lawama, na lawama zenyewe haziwahusu wachoraji, isipokuwa mmoja. Zinahusu huduma ambayo duka linajivunia kuliko nyingine zote, yaani kumfafanulia mteja maana ya picha dhahania (ile isiyochora kitu kinachotambulika) anayoitazama, kwanza kwa mdomo na baadaye kwa karatasi iliyochapwa ambayo hukabidhiwa pamoja na risiti. Picha niliyoinunua ni nzuri. Karatasi iliyoambatana nayo inaipunguza.

Chumba cha mbele hakihitaji maneno mengi. Kuta zake zimejaa picha za mtindo wa Tingatinga, ule ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa zilizopakwa juu ya vipande vya hadibodi. Wapo tembo, wapo ndege wenye mikia mirefu, wapo wanawake waliobeba mitungi, na kazi nyingi ni safi ingawa chache mno zina jambo jipya. Bei zimebandikwa, jambo ambalo si la kawaida katika biashara hii, na hakuna anayemfuata mteja nyuma kila anapogeuka. Mgeni anayetaka zawadi ya kutia mkobani atahudumiwa hapo vizuri na kwa haraka. Mimi nilivutwa na chumba cha ndani.

Humo hutundikwa kazi za vijana, baadhi yao wakiwa wamepitia Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ile ambayo wenyeji wengi bado huiita Chuo cha Sanaa na ambayo ilianza kufundisha mwaka 1981. Picha iliyonisimamisha ina upana unaokaribia mita moja na nusu na kimo cha mita moja. Haikuchorwa juu ya kitambaa cha wachoraji kinachouzwa madukani, bali juu ya kipande cha tanga kuukuu la jahazi, na mchoraji hakujaribu kuificha asili hiyo: mishono inaonekana, viraka vinaonekana, na tundu moja la kamba limeachwa wazi kiasi kwamba ukuta wa nyuma unachungulia. Sehemu kubwa imefunikwa kwa weupe uliofifia, uliopakwa tabaka nyembamba juu ya tabaka nyembamba, hivyo kwamba penye kiraka weupe unakuwa mzito na pale kitambaa kilipolika unakaribia kutoweka. Upande wa kushoto unapanda mstari mweusi wenye upana wa kiganja, ambao unaanzia chini kabisa lakini unakatika kabla ya kufika juu. Chini, kwa urefu wote wa picha, umelala ukanda wa nili, bluu iliyokolea. Kwenye kona ya juu, upande wa kulia, lipo doa jekundu, dogo, lenye kingo zilizofifia, ambalo jicho hulipita mara ya kwanza na kisha hulirudia kila mara. Basi. Hakuna mtu, hakuna chombo, hakuna mnazi. Haina jina, nyuma yake mchoraji ameandika mwaka na kutia saini.

Kijana anayehudumia chumba hicho ana adabu ya kuigwa. Alinisalimia, akaniacha nitazame kwa nafasi, na alipoona nimeganda mbele ya picha moja ndipo aliposogea.

"Hii maana yake ni rahisi, mama," aliniambia. "Nyeupe ni amani. Nyeusi ni Afrika. Nyekundu ni damu ya watumwa. Bluu ni bahari."

Nilimuuliza kama maneno hayo ni ya mchoraji au ni ya duka. Alitabasamu akanipa karatasi. "Yameandikwa humu, mama." Na kweli yameandikwa, katika aya nne zilizogawanywa kwa rangi, pamoja na sentensi ya mwisho inayosema kwamba picha nzima ni safari ya Mwafrika kutoka utumwani hadi kwenye uhuru.

Mimi hufundisha fasihi katika shule ya sekondari, na majibu ya aina hiyo nimeyasahihisha kwa miaka. Mwanafunzi akiulizwa juu ya taashira katika shairi, huandika kwamba nyekundu inaashiria damu, hata pale ambapo nyekundu yenyewe ni ya embe lililoiva mtini. Siwezi kusema jibu ni la uongo, kwa maana nyekundu imewahi kuwa damu katika kazi nyingi. Kinachonifanya ninyime alama ni kwamba jibu hilo lingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakulifungua shairi. Karatasi ya duka ina kasoro hiyohiyo. Niliomba nione ile ya picha ya jirani, ambayo ni ya mchoraji mwingine na imejaa miraba inayopandana, nikakuta aya nne zilezile za rangi zilezile, zikitofautiana kwa maneno machache tu na kwa sentensi ya mwisho, ambayo safari hii ilihusu mwanamke wa Kiafrika.

Zipo picha dhahania ambazo kamusi ya rangi inazihusu kweli. Hilma af Klint wa Sweden, aliyeanza mfululizo wake mkubwa mwaka 1906, aliacha madaftari mengi yanayoeleza alama zake, na humo bluu ni ya kike na njano ni ya kiume. Anayezitazama picha zake akiwa na ufunguo huo ana haki ya kuutumia, kwa kuwa ni wa mchoraji mwenyewe na uliandikwa kwa ajili ya kazi hizo. Wassily Kandinsky, mchoraji wa Urusi, naye mwanzoni mwa miaka ya 1910 alieleza kwa kirefu kwamba bluu humvuta mtu kuelekea yasiyo na kikomo, na kwamba njano ni rangi ya duniani inayomjia mtazamaji kwa nguvu. Wote wawili walivutwa na mafundisho ya kiroho ya theosofia, wakaishi zama moja na kufariki mwaka mmoja, 1944, lakini bluu ya mmoja haikuwa bluu ya mwingine. Ikiwa hao hawakupata kamusi ya pamoja, ningependa kujua duka letu limeitoa wapi moja inayowatosha wachoraji wake wote.

Linaloshangaza zaidi ni jinsi karatasi ilivyoiruka kamusi iliyo karibu. Nyeupe kuwa amani ni maana ya mabango na ya njiwa wa sherehe. Kwa mtu wa pwani nyeupe ni kanzu ya Ijumaa na ni bafta ya sanda, na akiona nyeupe, nyekundu na nyeusi zimewekwa pamoja, mawazo yake yanakwenda kwanza kwenye vitambaa vya uganga, ambako pepo huyu hutaka rangi hii na yule hutaka ile, au kwenye kisutu, kanga ya rangi hizohizo tatu inayohusishwa na bibi harusi. Matanga ya msiba, harusi na pungwa ya pepo ni mambo matatu yanayopishana sana, na picha inayoyagusa yote kwa mara moja inastahili kuulizwa maswali kabla ya kupewa jibu. Nyekundu nayo ina historia yake katika miji hii. Bendera ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu, na mzozo wa bendera uliozuka mwezi Agosti 1888, pale kampuni ya Kijerumani ilipotaka kupandisha ya kwake pwani, ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha vita ambavyo Bushiri bin Salim anakumbukwa navyo. Doa jekundu kwenye kona ya juu ya kitambaa cha jahazi linaweza kuwa linaikumbuka bendera hiyo. Sishikilii kwamba ndivyo. Ninachosema ni kwamba mtu anayeandika maelezo ya picha akiwa Bagamoyo alipaswa walau kuifikiria bendera kabla ya kuikimbilia damu.

Lakini hata kamusi ya nyumbani haitoshi, kwa sababu mara nyingi nafasi ya kitu huwa na uzito kuliko rangi yake. Mchoraji Kazimir Malevich alipoionyesha picha yake ya mraba mweusi huko Petrograd, Urusi, mwezi Desemba 1915, aliitundika juu kabisa, kwenye kona ambapo kuta mbili hukutana karibu na dari, na Warusi walioingia ukumbini walijua kwamba hapo ndipo familia za Kiorthodoksi huweka picha takatifu. Weusi peke yake usingeweza kuleta ubishi uliotokea. Kona ndiyo iliyoleta. Mraba uleule ungetundikwa katikati ya ukuta ungebaki suala la umbo na rangi. Ulipopandishwa pale ulikuwa umekalia kiti cha mwingine, na kila mtu alikiona kiti hicho.

Sisi tunayo elimu ya nafasi, tena tunaivaa. Anayenunua kanga anajua kwamba pindo lina kazi yake, mji, yaani sehemu ya kati, una kazi yake, na jina, yaani maneno yaliyochapwa, lina mahali pake panapojulikana. Hakuna anayeisoma kanga kwa kuorodhesha rangi. Nikiitazama picha hii kwa jicho hilo, naona mji mpana ulioachwa karibu mtupu, naona pindo moja tu, ule ukanda wa nili wa chini, na mahali pa jina hapana jina. Mapindo matatu hayapo. Weupe kwa hiyo haukufungiwa: unaishia kwenye ukingo wa kitambaa pande tatu bila kuzuiwa na chochote, na unazuiwa upande wa chini peke yake. Hapo naweza kukubaliana na karatasi kwamba nili ni bahari, lakini kwa sababu tofauti. Siitambui kwa rangi, kwa kuwa bahari ya Bagamoyo kwa muda mwingi wa mwaka ina rangi ya udongo unaoletwa na mito. Naitambua kwa kuwa ndicho kitu pekee katika picha ambacho vingine vyote vimekiegemea.

Jambo kubwa kuliko yote halikutoka kwangu wala kwenye karatasi. Nikiwa bado nimesimama aliingia mzee ambaye kwa miaka mingi alikuwa fundi wa kushona matanga, na ambaye, kama nilivyoelewa katika mazungumzo, ndiye aliyempatia mchoraji kitambaa. Kijana alimwamkia, akamsogezea kiti. Mzee aliitikia lakini hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mstari mweusi, akaugusa kwa ukucha, ruhusa ambayo sidhani kama wateja wengine tunayo.

"Hapa ndipo tanga lilipokuwa likisuguana na foromali, mwanangu," aliniambia, akimaanisha mti mrefu ambao tanga hufungwa. "Unaona nyuzi zilivyochoka? Hapa nilitia kiraka, na juu ya kiraka nikatia kingine."

Nikamuuliza kwa nini mstari unakatika kabla ya kufika juu.

"Kuanzia hapo ni kitambaa kipya. Kile cha zamani kilikuwa hakishiki sindano tena, nikakitoa chote. Kipya hakikuwahi kusuguliwa sana, chombo kiliuzwa."

Nilimwonyesha doa jekundu. Alilitazama kwa makini, akatikisa kichwa. "Hilo halina habari. Hilo ni lake mwenyewe aliyechora."

Kwa maneno hayo machache nilipata zaidi ya nilichopewa katika aya nne. Mchoraji amekizungusha kitambaa, kwa hiyo ukingo uliokuwa ukifungwa kwenye foromali sasa umesimama wima upande wa kushoto, na weusi umeufuata uchakavu hatua kwa hatua hadi ulipokoma. Foromali ndiyo inayolikunjua tanga lipate upepo, na foromali hiyohiyo ndiyo inayolila. Hapo pana taashira, tena nzito, na haikuazimwa popote: kinachokishikilia kitu mahali pake ndicho kinachokichakaza, na fundi hushona palepale kinapochakaa. Mtu akitaka kuihusisha na historia ya mji huu, na misafara ya pembe na ya watu waliotekwa iliyoishia ufukweni hapa, na vyombo vilivyowavusha kwenda Unguja, hana haja ya kulazimisha. Kitambaa chenyewe ni cha chombo, na alama aliyoifuata mchoraji ni ya mzigo. Hata ule uhuru wa sentensi ya mwisho ya karatasi unaweza kurudi, lakini ukiwa na sura nyingine kabisa, kwa sababu mstari haukuishia kwenye mwanga wala kwenye njiwa. Umeishia kwenye kiraka kipya ambacho bado hakijapata kazi.

Doa jekundu nalo limebadilika. Weusi unafuata uchakavu, weupe unafuata unene wa kitambaa, nili inafuata ukingo wa chini, na doa ndilo alama pekee ambayo haifuati kitu chochote kilichokuwepo kabla ya mchoraji kukishika kitambaa. Limewekwa kwa hiari yake, mbali iwezekanavyo na pale mstari mweusi unapoanzia, katika kona ambayo ndiyo ya mwisho kufikiwa na jicho linalopanda kutoka chini kushoto. Linaweza kuwa bendera. Linaweza kuwa mtu anayetazama kutoka mbali, au taa, au kweli damu. Mimi sijalimaliza, na nimeanza kuamini kwamba picha ingekuwa dhaifu kama ningelimaliza siku ileile dukani.

Njia hii ya kuitafuta ishara ndani ya tabia ya kitu chenyewe si ngeni barani mwetu. Ibrahim El-Salahi wa Sudan, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, amekuwa akiurudia mti uitwao haraz, ambao hupukutisha majani wakati wa mvua na kuwa na majani wakati wa ukame, kinyume cha miti mingine. Katika nyingi ya kazi hizo mti umegeuka kuwa mistari na vipande vya rangi, na mtu asiyeambiwa asingejua kwamba ni mti. Akishasimuliwa jinsi haraz unavyoishi, anaelewa mara moja kwa nini unafaa kumwakilisha mtu anayeshika njia yake wakati wengine wote wanakwenda kwingine. Na El-Salahi mwenyewe alifungwa mwaka 1975 kwa miezi sita bila kufikishwa mahakamani. Maelezo ya kumsaidia mtazamaji ni ya namna hiyo, yaani habari za mti. Duka lilikuwa na habari za tanga, na zilikuwa kwa mzee anayeingia na kutoka humo humo, lakini likaamua kumchapia mteja habari za rangi.

Huyo mchoraji mmoja niliyemtenga mwanzoni ametundikwa ukuta wa pili. Kazi yake ni duara kubwa la bluu, juu yake zimegandishwa kauri, yale makombe madogo ya baharini, na katikati umepitishwa mnyororo halisi wa chuma wenye kutu. Bei yake inazidi ya picha ya tanga. Karatasi yake inasema kwamba kauri ni biashara na mnyororo ni utumwa, na kwa mara ya kwanza karatasi na picha vinalingana barabara, kwa sababu picha yenyewe imetengenezwa kama karatasi: umeambiwa, umeelewa, huna sababu ya kurudi. Watembeza wageni wa pwani hufanya vivyo hivyo mbele ya milango ya nakshi. Mmoja atakwambia mnyororo uliochongwa kwenye fremu ni dalili kwamba mwenye nyumba alifanya biashara ya watumwa, mwingine atakwambia ni kinga ya nyumba dhidi ya mabaya, na mlango ni uleule. Walakini mnyororo wa mlangoni umechongwa na fundi aliyeufanya uizunguke fremu, kwa hiyo kuna umbo la kujadili. Huu wa kwenye picha umetundikwa tu, na kutu yake imeanza kuichafua bluu iliyo chini yake, jambo ambalo pengine ndilo la kuvutia zaidi katika kazi nzima na ambalo karatasi haikulitaja.

Nimeulizwa na mwenzangu wa kazini kama usomaji wangu una tofauti yoyote na wa duka, maana sote wawili tunadai tu. Tofauti ipo. Ninachokidai kuhusu mstari mweusi kinaweza kuonyeshwa kwa kidole, na kinaweza pia kukataliwa kwa kidole: mzee yule angesema kwamba nyuzi pale ni nzima na kiraka ni pambo la mchoraji, ningeliacha dai langu papo hapo. Neno kwamba nyeusi ni Afrika haliwezi kukanushwa na chochote kilichomo katika picha, na kwa sababu hiyohiyo haliwezi kuthibitishwa. Sidai pia kwamba kila picha ina ishara zinazosubiri kufichuliwa. Mark Rothko, mchoraji wa Marekani ambaye vipande vyake vikubwa vya rangi vinavyotanda ndivyo wengi huvifikiria wanaposikia habari za sanaa dhahania, alikataa kuhesabiwa miongoni mwa mabingwa wa rangi. Alisema kinachomshughulisha ni hisia za msingi za binadamu, msiba na furaha iliyopita kiasi. Mbele ya kazi za aina hiyo hakuna cha kufasiri kipande kwa kipande. Karibu na mlango wa chumba cha ndani ipo picha moja ndogo ya kahawia tupu ambayo haina karatasi, na nilipouliza sababu, kijana alinijibu kwa sauti ya kuomba radhi: "Huyu mchoraji amekataa, mama. Amesema ikiwekwa karatasi anakuja kuichukua picha yake." Huyo ningependa kukutana naye.

Kwa mnunuzi, haya ndiyo ya kuzingatia. Mwanga wa chumba cha ndani ni wa taa ya mrija, mweupe na mkali, na unaziua tabaka nyembamba za rangi. Dirisha lipo, lina vibao vya mbao vinavyofunguka, na kijana hulifungua bila kinyongo ukimwomba. Picha ya tanga niliinunua kwa shilingi 650,000 bila fremu, baada ya mapatano mafupi, na kwa kazi ya ukubwa ule naiona bei hiyo kuwa ya haki. Anayenunua kazi iliyochorwa juu ya kitambaa cha baharini aulize kama kilifuliwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kupakwa gundi ya msingi kabla ya rangi, kwa sababu chumvi iliyobaki ndani ya nyuzi huvuta unyevu wa hewa, na hewa yetu haina upungufu wa unyevu. Hiki kilifuliwa, kwa maelezo ya mzee, na rangi iliyotumika ni akriliki, ambayo hukauka upesi na kukubali kukunjamana pamoja na kitambaa. Rangi ya mafuta ikigusa kitambaa kitupu huozesha nyuzi polepole. Nisingeiwekea kioo. Katika nyumba za karibu na bahari kioo hufungia unyevu, na ukungu huanzia nyuma mahali usipopaona. Ni afadhali kuacha nafasi kidogo kati ya picha na ukuta ili hewa ipite.

Upakiaji ulinikera. Picha ilizungushiwa nailoni ikabana moja kwa moja juu ya rangi, na akriliki ikipata joto hulainika na kunata, kwa hiyo safari ya saa chache ndani ya gari lililoegeshwa juani ingetosha kuacha alama zisizofutika. Niliomba ifunguliwe na kufungwa upya kwa shuka la pamba, nikalilipia shuka. Duka linalouza kazi za bei hiyo linapaswa kuwa na vitambaa vya kufungia vya kwake.

Kuhusu karatasi, nilimwachia kijana pendekezo amfikishie mwenye duka: zile aya nne zifutwe, na badala yake iwekwe kadi ndogo yenye jina la mchoraji, mwaka, aina ya rangi, asili ya kitambaa, na maneno mawili matatu ya fundi au ya mchoraji mwenyewe ikiwa yupo tayari kuyatoa. Kijana aliyaandika yote kwa uangalifu nyuma ya karatasi ileile. Hadi hapo kadi zitakapokuja, anayekwenda aombe dirisha lifunguliwe, aulize kila kitambaa kimetoka wapi na nani alikishona, na akikabidhiwa karatasi anaweza kuiacha mezani, kwa kuwa bei haibadiliki.